Kompyuta ya Kibao Kimoja

Rugenge, Uvira
Tarehe 9 Septemba 2023

Kwa Bwana Injinia Lionel,
Mtoto wa kaka yangu mdogo Jean-Marie,
Bukavu.

Kuhusu: Malalamiko rasmi juu ya mashine ya muziki uliyonitumia, na ombi la kusahihisha wimbo uliokwisha kuimbwa.

Bwana Injinia,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye ni mzima wa mwili lakini heshima yake imelala kitandani hii ni wiki ya tatu. Ningeweza kukupigia simu, ila kwenye simu unacheka, na mambo haya hayataki kuchekwa. Nimeamua kutumia kalamu na kuweka namba, kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja. Jumatatu nitampa barua hii dereva wa basi, aipitishe Kamanyola na kukufikishia mkononi.

1. Jina la mashine. Ujumbe wako ulisema, "Shangazi, nimekutumia kompyuta ya kibao kimoja, itakuimbia nyimbo zako zote." Najua ulitafuta Kiswahili sanifu ili nisikusahihishe. Ungesema "carte" kwa Kifaransa kama wenzako wote, ningeelewa, na leo nisingeandika. Kibao, Bwana Injinia, ni ubao mdogo. Kibao pia ni wimbo unaovuma, waulize watangazaji wa redio za ng'ambo ya ziwa. Na kibao ni kofi. Siku hiyo miwani ilibaki nyumbani, kwa hiyo ujumbe nilisomewa na Bella, jirani yangu msusi, kwa sauti, ndani ya saluni yake. Wanawake wanne waliosukwa nusu kichwa waligeuka wote kunitazama, kwa sababu hapa Rugenge kila mtu anajua habari ya kibao kimoja.

Barua rasmi husomwa hata na wasiohusika, kwa hiyo naeleza. Mwaka 2012, katika mazoezi ya kwaya, Noella, aliyekuwa rafiki yangu tangu tukichota maji pamoja kule Lemera, alisema mbele ya sauti zote nne, besi nao wakiwemo, ambao hawajawahi kutunza siri, kwamba katika kaseti yetu ya mwaka 1991, tuliyorekodi Lemera, ni mimi niliyeingia kabla ya wakati. Nilimpiga kibao. Kimoja. Sikurudia, na hakuna aliyenisifu kwa hilo. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Yeye anaishi nyumba ya tisa kutoka kwangu, lakini akienda sokoni huzunguka njia ya chini, ya kando ya ziwa, ili asipite mbele ya kiwanja changu. Kaseti yenyewe ilikuwa imekwisha kupotea, kesi ikabaki bila ushahidi, na mimi nilikuwa nimeizoea hali hiyo. Kisha wewe ukapata nakala kwenye sanduku la baba yako.

2. Mashine ilifika uchi. Nilifungua kifurushi nikitegemea kitu chenye sura ya redio. Nikakuta kijani kibichi, vyuma vya shaba, miguu midogo ya fedha, matumbo yote nje, kama kuku aliyekwisha kupasuliwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilikata kitenge nikaishonea gauni lenye mikono, na kwa juu nikaweka kofia. Baada ya nusu saa ilipata homa kali hata kitenge kikanuka pasi. Ulinieleza kwenye simu kwamba mashine hii inatakiwa kupata hewa. Sasa nimetoboa gauni madirisha sita, na wageni wakiiona wananiuliza kama ni kinyago cha kuzuia wezi.

3. Adresi. Mashine haina kioo, haina kitufe, haina hata pa kubonyeza ili mtu ajue amebonyeza. Ukaniambia nitafute adresi yake, yaani anwani. Nilikuta uliniandikia namba ndefu inayoanza na 192. Mtu mwenye akili akipewa namba na injinia anafanya nini? Niliipiga. Mwanamke wa kampuni ya simu akaniambia kwa Kifaransa kwamba namba hiyo haipo. Nikarudia siku mbili mfululizo, asubuhi na jioni, nikidhani wako kanisani. Siku ya tatu ndipo uliponieleza kwamba namba hiyo huandikwa pale juu kwenye simu, panapoandikwa majina ya intaneti. Ukurasa ukafunguka, nyimbo zote mia nne na kumi na mbili zikajipanga, nikabonyeza, ikaonyesha kwamba inaimba. Kimya. Uliniambia tena kwamba sauti ilikuwa inakwenda kwenye televisheni. Lionel, mimi sina televisheni. Kitu kinachotuma sauti kwenye televisheni isiyokuwepo, kwetu Lemera kingeombewa. Ilisikika tu uliponielekeza kuichomekea spika.

Kwa haki lazima niseme pia mazuri. Chaja nene uliyoifunga pamoja na mashine ni chaja ya ajabu. Tangu ifike, simu yangu inajaa kabla chai haijachemka.

4. Mashine haijui mwaka. Umeme ukikatika na kurudi, na wewe unajua umeme wetu, mashine huamka ikiamini kwamba ni tarehe moja Januari mwaka 1970. Niliirekebisha. Umeme ukakatika. Ikarudi 1970. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka saba, sina meno ya mbele, naogopa mbuzi. Kwaya yetu haikuwepo, kaseti ya 1991 haikuwepo, wala wewe hukuwepo; hata baba yako alikuwa bado anabebwa mgongoni. Naomba ulishike vizuri jambo hili, maana nitalitumia hapa chini: shahidi asiyejua ni mwaka gani, hakuna baraza la wazee litakalompa hata kiti.

5. Kibao kimoja, kwa maana ya wimbo. Hapa ndipo penye kidonda. Uliahidi nyimbo mia nne na kumi na mbili. Mashine inaimba mmoja. Wimbo huo ni "Ruzizi Ilipofurika", ule wa kaseti, ambao uliupa namba moja kwa heshima yangu. Ukimalizika, wimbo wa pili unaanza, ngoma inapiga "ndu!" moja tu, taa nyekundu inazimika, mashine inakufa. Baada ya dakika moja inafufuka yenyewe na kuanza upya namba moja. Jumanne nilihesabu ufufuo kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Pasta amesema yeye huhubiri mmoja tu. Wewe uliniuliza kama natumia chaja uliyoituma, nikakujibu ndiyo, ukaniuliza tena. Mtoto hamuulizi mtu mzima mara mbili. Chaja natumia kila siku, nimekwisha kuisifu hapo juu.

Sasa kuhusu wimbo wenyewe. Beti la tatu, kwaya yote inanyamaza. Noella peke yake anaimba, "Ngojeni... ngojeni maji yapungue." Halafu sauti zote nne zinaingia kwa pamoja, "Tumevuka!" Ndivyo ilivyoandikwa. Katika kaseti hii, Noella anaimba "Ngojeni" ya kwanza, anavuta pumzi, na kabla hajasema ya pili inasikika sauti moja ya alto, ya kifua kizima, inasema "Tumevuka!" Kisha kimya. Kisha Noella anaendelea na ngojeni yake kama mtu aliyekanyagwa mguu katika Meza ya Bwana.

Msimamo wangu haujabadilika tangu 1991. Sijawahi kuwahi. Noella alichelewa.

6. Majirani. Kiwanja changu kina ua wa matete na sauti haizuiliwi na matete. Watoto wa mtaa wamekwisha kuushika wimbo wote, pamoja na lile kosa, na wanaliimba kwa bidii kuliko mengine yote. Wakiruka kamba, mmoja anasema "Ngojeni", na wote wanapiga kelele "Tumevuka!" Nilikwenda kununua mafuta ya mawese, muuzaji akaniambia nisubiri chenji, na wanawake wawili nyuma yangu wakakohoa kikohozi ambacho si cha kifua. Bella aliniuliza, akiwa na kitana mdomoni, "Mama Mwalimu, mayi ilikuwa ingali mingi, sasa weye ulivuka na nini?" Hata Alimasi, mwenye duka la vitambaa, mtu wa adabu ambaye baba yake na babu yake walikuwa watu wa adabu, alinisimamisha mlangoni pake na kuniambia kwa upole, "Mwalimu, minye siko mu-kristo, lakini sasa hata minye najua fasi ya kungojea," yaani mahali pa kungoja.

Nimefundisha nusu ya mtaa huu kusoma. Leo wananiita Mwalimu Tumevuka.

7. Hili linamhusu Noella na sitaliandika.

8. Nimefikiri, ninaliandika. Tangu Jumatano iliyopita Noella ameacha njia ya chini. Anapita mbele ya kiwanja changu. Siku ya kwanza nilidhani njia ya chini imefurika. Siku ya pili nilichungulia kupitia matete. Anakuja na kikapu chake, anatembea taratibu, na beti la tatu likikaribia anasimama. Anasikiliza. Sauti yake inatoka ndani ya nyumba yangu, sauti ya msichana wa miaka ishirini na minane, kabla ya ile homa ya mapafu iliyomwachia mkwaruzo, na yeye amesimama nje na mkono kwenye nguzo ya ua. Baada ya "Tumevuka" yangu anaondoka. Hacheki. Angecheka ningejua la kufanya. Jana alipita mara mbili, na mara ya pili hakuwa na kikapu, yaani hakuwa na sababu. Nalalamika kwamba mashine yako inanivutia mtu ambaye mimi na yeye tulikuwa tumekwisha kupangana vizuri. Nimekaa miaka kumi na moja bila kumwona usoni na leo nimejua kwamba ana mvi. Hakuna aliyeniambia.

9. Jubilei. Jumapili tarehe 24 kwaya yetu inatimiza miaka arobaini. Sévère, mwenyekiti wa kwaya, amesikia habari ya mashine, na nani hajasikia, na amekuja na wajumbe wawili kuomba niilete kanisani ili wimbo huo upigwe mbele ya waumini wote pamoja na wageni kutoka Lemera. Viti viwili vitawekwa mbele, cha Noella na changu, vikiwa vimegusana, kwa sababu tumebaki wanawake wawili tu wa kaseti ile. Sikuweza kukataa, kwa maana wakati Sévère anaomba, mashine ilikuwa inaimba. Ilipofika penyewe, mjumbe mmoja aliangalia dari. Mimi dari yangu haina kitu cha kuangalia.

Unaona hatari iliyopo. Mpaka leo ni mtaa. Tarehe 24 itakuwa kumbukumbu ya kanisa. Watu watajua kwamba nilikosea, na wakijua nilikosea watajua pia kwamba nilimpiga mtu aliyesema kweli. La kwanza ningeweza kulibeba.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi:

a) Uichukue ile "Tumevuka" yangu uisogeze mbele sekunde tatu, ikae na wenzake. Baba yako ananiambia kompyuta inaweza kuhamisha kitu chochote.

b) Ikishindikana, usogeze "Ngojeni" ya Noella nyuma, iwe yeye aliyechelewa. Hili si uongo, ni msimamo wangu wa siku zote.

c) Ikishindikana na hilo, basi uwasogeze wengine wote, watu arobaini na mmoja, waingie mapema pamoja nami. Mtu mmoja akikosea ni kosa. Wengi wakikosea pamoja ni mapokeo.

d) Ikishindikana yote, uniandikie cheti chenye muhuri, kisemacho kwamba mashine hii ni mbovu, inatuma sauti kwa televisheni zisizokuwepo, inaishi mwaka 1970, inakufa mara kumi na nne kwa siku, na kwamba ushahidi wake usipokelewe na kanisa lolote. Nitakisoma mwenyewe kabla ya wimbo.

e) Vinginevyo njoo uiondoe, na gauni lake.

Wasalimie baba yako Jean-Marie na mama yako, mke wako na watoto, mama mkwe wako ambaye hakunijibu salamu za Pasaka, majirani wa kushoto, na yule mlinzi wenu mpole kutoka Kamanyola. Waambie nipo. Usiwasomee barua hii, au ukiwasomea, ishia namba nne.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda bila kuondoa hata lalamiko moja,

Mwalimu Olive

Tanbihi. Jumatatu asubuhi, kabla ya basi.

Bwana Injinia, bahasha nimeifungua tena kwa mvuke wa chai.

Jana baada ya ibada Noella aliingia kiwanjani. Hakubisha hodi, kama vile alitoka tu kidogo mwaka 2012 na sasa anarudi. Mashine ilikuwa inaimba. Alisimama mbele yake, akalitazama gauni, akainua pindo kwa kidole kimoja, akafuata waya mpaka ukutani. Halafu akanigeukia. Neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka kumi na moja ni hili, "Weye Olive, hii waya ni ya telefone. Hii masini iko na njaa."

Akaenda mezani, akaichomoa ile chaja nene kwenye simu yangu, akaichomeka kwenye mashine, na ile nyembamba, niliyonunua sokoni, akaitupa juu ya kabati. Mjukuu wake ana mashine kama hiyo. Mashine ikaamka, ikaanza upya namba moja, wimbo ukaisha. Ngoma ya wimbo wa pili ikapiga "ndu!", nikafumba macho kungoja mashine ife. Haikufa. Ikapiga ya pili na ya tatu, tukausikia wimbo wote hadi mwisho tukiwa tumesimama. Kwa hiyo namba tano ifute. Uliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilikudanganya, nisamehe, baba.

Ndipo akaniambia, "Sasa unirudishie kibao changu."

Nilielewa. Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu siku ile mkono uliporudi kwangu. Nilivua miwani, nikaiweka juu ya Biblia, nikamsogezea shavu. Nikamwambia, Noella, ni mimi niliyewahi. Nilijua tangu Lemera, kabla hata kaseti haijageuzwa upande wa pili. Piga.

Nikangoja. Sijawahi kungoja vile maishani mwangu. Nilipofungua jicho moja, alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ameshika tumbo, anacheka machozi yanatoka, ananionyesha mashine kwa kidole. Alikuwa anaomba wimbo.

Niliurudisha. Beti la tatu lilipofika akaimba pamoja na mwenyewe wa zamani, yule msichana na mkwaruzo huu, "Ngojeni..." na akaninyooshea kiganja ili anizuie. Nakuapia niliona kile kiganja. Nilijizuia kwa nguvu zangu zote, Lionel, na nikawahi tena. Lakini safari hii hakuendelea na ngojeni yake. Aliingia pamoja nami.

Usisogeze kitu chochote.